Tangi la Serikali na Shimo la Bi Mosi

Kwa wote wanaohusika, na kwa wale wasiohusika lakini wana tabia ya kujihusisha: inatangazwa ya kwamba kuanzia leo baada ya sala ya adhuhuri, bata mweupe wa nyumba hii amehamia rasmi katika tangi la Serikali lililo kando ya njia ya pwani, yeye pamoja na mumewe na watoto wao sita. Hakuomba kibali wala hakujaza fomu. Mvua ya juzi ililijaza tangi lile maji, naye akalitazama, akaingia. Mimi mwandishi wa tangazo hili sina pingamizi, maana katika miaka yote hii yeye ndiye kiumbe wa kwanza kufaidika na tangi lile bila kumdhuru mwenzake.

Mwanangu Hadija,

Hiyo habari ya bata ndiyo salamu yangu. Salamu nyingine uko Boko unazipokea sasa hivi kwa shangazi zako, na ninavyowajua mie, hawatakuachia mpaka wakushindilie wali hadi jua liiname. Basi nimepata nafasi. Nimekaa barazani, ubao wa kukatia mboga uko magotini ndio meza yangu, na kalamu ya wino nimeazima kwa mwalimu wa jirani, ambaye ameniuliza mara mbili kama naandika mashitaka.

Sanduku lako liko hapa ubavuni pangu. Naam, limerudi kutoka Temeke kwa wenye malori. Nitakueleza mwisho, usiharakishe.

Sitakuambia ule nini wala uchemshe maji ya kunywa. Sitakuambia uvae vipi mbele ya wanaume wa huko kusini. Hayo wenye sauti kubwa wameshakuambia. Mie nina neno moja tu, na ningeweza kukuambia kwa mdomo, ila mdomo wangu kwa habari hii umezoea vibaya. Kwa miaka kumi na moja mdomo huu umesema neno moja, na neno lenyewe ni la uongo. Mkono bado haujazoea, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka siku ulipoletewa barua ya kazi. Nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi. Ukasimama mlangoni ukaisoma kwa sauti kama khatibu, ya kwamba umekubaliwa kuwa Msaidizi wa Maendeleo, utapelekwa kijiji fulani ng'ambo ya Rufiji, utasimamia wanawake katika kazi ya kamba za makumbi, na kazi hiyo itafanywa kwa tangi la saruji, kwa mfano wa mpango uliofanikiwa Kunduchi.

Ukaruka. "Mama! Kunduchi! Si nyie hao?"

"Ndio sisi," nikasema.

"Mbona hukuwahi kuniambia kama mlifanikiwa?"

"Endelea kusoma, mwanangu."

Nami nikaendelea kukuna. Nazi ilikwisha, nikawa nakuna kifuu. Mchicha wa siku ile ulikuwa na unga wa kifuu ndani yake, na wewe ukala ukasema mtamu. Furaha ina chumvi yake.

Sasa sikiliza mpango wenyewe ulivyofanikiwa.

Siku zile Serikali ilikuwa imechoka. Kila wiki vijana wa mashamba waliingia mjini kutafuta kazi, na kila wiki askari waliwakusanya wakawarudisha makwao, na kabla askari hajamaliza chai yake walikuwa wamesharudi. Ndipo mtu mmoja ofisini, sijui nani, akawaza: badala ya watu kuifuata kazi mjini, kwa nini kazi isiwafuate watu vijijini? Watu wapewe vyombo, wafundishwe, wauze mali yao, wakae kwao. Si wazo baya hilo, Hadija, wala sifanyi mzaha. Nimelizungusha kichwani miaka mingi nikilitafutia ubovu, na ubovu sikuuona kwenye wazo. Niliuona kwangu.

Aliyeletwa kwetu alikuwa Mzungu mrefu, shingo nyekundu, tuliyemwita Bwana Upesi kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Alikuwa mtu mwema. Alikuja kwa baiskeli, alikula chakula chetu, alisalimia wazee "shikamoo" hata pale alipotakiwa kusema "marahaba." Karani wake aliitwa Zakaria, kijana wa bara, Mkristo mwenye adabu, aliyetafsiri kila kitu na kuyeyusha nusu yake njiani.

Nawe ulikuwa mdogo, tena shule ikakuchukua mapema, kwa hiyo huenda hujui sawasawa kazi yetu ilivyokuwa. Maji ya bahari yakitoka, kila mwanamke alibeba makumbi ya nazi zake, yale maganda ya nje, akateremka kwenye tope kule penye mikoko. Alichimba shimo lake, akayapanga, akayafunika kwa makuti na mawe, akaondoka. Bahari ikifanya kazi iliyobaki. Maji yanaingia, yanatoka, yanaingia, yanatoka, miezi minane au tisa, mpaka kumbi linalainika na taka yake yote imekwenda. Hapo unafukua, unapigapiga kwa rungu juu ya gogo mpaka zibaki nyuzi tupu, ndio usumba huo, unasokota kamba. Kamba ya vitanda, ya ndoo, ya kufungia mapaa. Kamba yetu ilikuwa ikitafutwa mpaka Bagamoyo.

Kwenye shimo uliweka mti. Lakini hukuuweka juu ya shimo lenyewe, maana wezi hawakuanza leo. Uliuchomeka mbali, hatua unazozijua wewe. Na kwa kuwa binadamu hufa, ulimwonyesha mwenzako mmoja, mmoja tu, mahali shimo lilipo hasa. Huyo aliitwa shahidi wa shimo. Hakuandikwa popote wala hakula kiapo. Ukifa, yeye ndiye atakayewafukulia wanao. Mimi nilikuwa shahidi wa Bi Mosi, na Bi Mosi alikuwa shahidi wangu.

Bi Mosi unamkumbuka? Yule mama mfupi aliyekuwa akikubana pua ukimsalimia. Mjane, hana shamba, ana minazi minne tu na makumbi ya kuokota kwa watu. Lakini akisokota kamba, huoni mahali alipounganisha. Wanaume walikuwa wakiitazama kamba yake kwa wivu, na si rahisi mwanamume kuionea wivu kamba.

Baraza likaitwa. Bwana Upesi akasimama na picha ya tangi aliyoichora mwenyewe.

"Bwana anasema bahari ni mvivu," Zakaria akatafsiri. "Miezi tisa ni mingi. Katika tangi, makumbi yataiva kwa siku arobaini."

"Mwambie bahari haijaajiriwa," akasema Bi Mosi.

Watu wakacheka. Sijui Zakaria alitafsiri nini, maana Bwana Upesi alifurahi akaandika.

"Nauliza," akasema tena Bi Mosi, "hayo maji ya tangi yatatoka saa ngapi?"

"Hayatoki, mama. Ndiyo faida yake."

"Basi yatanuka."

"Mama, jambo hili limepimwa na wataalamu."

"Na pua yangu je? Imekosa mtu wa kuipima?"

Jumbe wa kijiji akakohoa kuashiria kwamba inatosha. Ikaulizwa kama tumekubali, tukasema ndiyo, sote, pamoja na Bi Mosi. Sisi hatukatai barazani. Kumkatalia mgeni mbele za watu ni kumvua nguo. Ikaulizwa tena nani katika wanawake anajua kusoma herufi za Kizungu, awe mwenyekiti. Vidole vyote vikanielekea mie.

Kusoma kwangu unakujua. Chuoni, kwenye Kurani, nilipata herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu nilizipata kwa karatasi za dukani, zile kurasa kuukuu za Serikali za kufungia sukari na chumvi, na mwalimu wangu alikuwa marehemu baba yako. Alinifundisha herufi moja kwa siku, na akifika kwenye herufi asiyoijua akisema, "Hiyo huku haitumiki." Basi mpaka leo najua mwanzo wa sheria ya mbwa na mwisho wa sheria ya pombe, na katikati yake ni doa la mafuta ya taa. Lakini katika kijiji cha wasiosoma, mwenye nusu ni sultani. Nikapewa daftari na kalamu ya risasi. Nililiweka lile daftari kichwani nikapita nalo njia ndefu ya kurudi nyumbani, ile inayopita milangoni pa watu.

Tangi likajengwa. Siku ya kuleta makumbi ikafika, na wanawake wakaja wote, hakuna aliyekosa. Kila mmoja na kapu lake kubwa, na ndani ya kapu makumbi manne, matano. Wakayatia, wakanipa mkono, wakaenda zao. Yale mengine waliyapeleka topeni kama kawaida.

Hapa ndipo pana kosa langu, Hadija. Hilo la shimo, litakalofuata, lilikuwa dhambi. Kosa lilitangulia, na kosa ni hili: kapu lile nililielewa. Kwetu kapu kubwa lenye vitu vichache ndilo "hapana." Ndivyo tunavyomkatalia mtu bila kumwaibisha. Mwanamke akikuletea pishi ya mtama wakati umeomba gunia, hajakusahau, amekujibu. Bwana Upesi hakuweza kulisoma hilo, na Zakaria alikuwa mtu wa bara, hakujua desturi yetu. Katika watu watatu waliosimamia kazi ile, msomaji wa makapu nilikuwa mimi peke yangu. Nami nikaandika kwenye daftari: Wote wameleta.

Ningesema siku ile, "Bwana, watu wamekataa, waulize kwa nini," huenda angeuliza. Nakuambia alikuwa mtu mwema. Huenda Bi Mosi angemshika mkono akamshusha topeni akamwonyesha maji yanavyoingia na kutoka. Huenda saruji iliyobaki ingejengewa banda la kusokotea, tusinyeshewe, jambo tulilolitaka kweli na ambalo hakuna aliyetuuliza. Lakini ningesema hivyo, mwenyekiti angekuwa mwenyekiti wa kitu gani?

Baada ya wiki chache Zakaria akaja mbio. Mkubwa atakuja kutoka mjini Ijumaa kulitazama tangi. Akachungulia ndani, akaona makumbi yamefunika chini tu, akashika kiuno.

"Mama, hili lijae."

"Litajaa na nini?"

Akatazama huku na huku. Wewe ulikuwa umechuchumaa pale, unasoma daftari langu kwa sauti, na ulilisoma kuliko nilivyoliandika.

"Nafasi katika shule ya wasichana ni mbili tu," akasema Zakaria taratibu. "Bwana anaruhusiwa kutaja jina moja. Sisemi kitu, mama. Nasema tu kwamba tangi lijae Ijumaa."

Makumbi yangu mwenyewe nilikuwa nimeyafukua mwezi uliopita, kamba zake zimeshauzwa. Bi Mosi hakuwepo. Bintiye alikuwa amejifungua Temeke, naye alikwenda kumuuguza arobaini nzima. Kabla ya kuondoka alinipitia akasema, "Shoga, kamba za safari hii ni za paa langu. Nyumba itaangukia kichwani kwangu mvua ikianza. Niangalizie." Nikamwambia, "Nenda, nakuangalizia."

Alhamisi maji yalipotoka, asubuhi jua kali, nilishuka na kapu. Nikaukuta mti wake. Hatua kumi na nne kuelekea mkoko uliopinda, nikachimba. Yalikuwa ya miezi minne, magumu bado, yana ngozi. Nikabeba kapu la kwanza. La pili. Njiani nikakutana na Bi Chiku, jirani yetu, anatoka kwenye shimo lake.

"Bi Mosi kakutuma?" akaniuliza.

"Kanituma."

Hakuuliza tena. Angeulizaje? Mimi nilikuwa shahidi. Akaweka mzigo wake chini akanisaidia kubeba makapu matatu, Mungu amrehemu.

Ijumaa tangi lilijaa. Mkubwa akaja na motokaa, akalitazama kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha maji, akapigwa picha nalo, akaniambia "mzuri sana," akaondoka. Bwana Upesi alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nami nilifurahi. Sitakudanganya katika barua hii. Nilifurahi.

Siku arobaini hazikufika. Harufu ilianza kama sahani iliyosahauliwa, ikawa kama kisima alimofia mnyama. Ulirudi kutoka kuchota maji ukaniuliza, "Mama, nani kafa?" Nikakuambia mbwa. Ndani ya tangi makumbi yalikuwa uji mweusi, ukishika unavunjika mkononi, hakuna uzi. Maji hayakutoka, kama Bi Mosi alivyouliza. Kamba haikupatikana hata ya kumfungia kuku.

Zakaria akaja na karatasi, leso puani.

"Mama, niandike nini?"

"Wewe unataka kuandika nini?"

"Bwana anakwenda likizo kwao. Ameomba habari njema ya kuondokea."

"Na jina la shule?"

"Limo katika bahasha hiyo hiyo."

Kuku alipita kati yetu. Nakumbuka nilimtazama mpaka akazunguka nyumba.

"Andika imefanikiwa," nikasema.

Akaandika. Bwana Upesi akapanda meli, hakurudi tena, na nadhani huko kwao mpaka leo anawasimulia watu habari zetu kwa mapenzi. Mwezi ule ule ukaitwa shule. Nami nikakushonea gauni.

Bi Mosi alirudi arobaini ilipokwisha. Alikwenda topeni moja kwa moja, kabla hata ya kufungua mlango wake. Nilimwona anapanda kutoka pwani na ule mti begani, tope linachuruzika. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejipangia na majibu. Akausimamisha mti kwenye nguzo ya baraza hii niliyokaa sasa.

"Nimekuletea mti wako, shoga," akasema. "Shimo unalijua."

Basi. Akaenda. Mvua zilipoanza, paa lilifanya kama alivyosema, naye akahamia Temeke kwa bintiye. Kwa hiyo mpango uliokuja kuwazuia watu wasikimbilie mjini ulimpeleka mjini fundi wa kwanza wa kamba katika pwani hii. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na waliobaki wakaacha kuonyeshana mashimo. Hakuna aliyelitangaza hilo barazani, wala mie hawakunitenga. Walinisalimia, walinialika harusini, walinipa makapu makubwa yenye vitu vichache. Bi Chiku alipofariki, makumbi yake yalibaki topeni. Wanawe walichimba siku tatu kuuzunguka mti, hawakupata kitu. Yako huko huko mpaka leo.

Nilikwenda kumtazama Bi Mosi mara moja, ulipokuwa mwaka wa tatu shuleni. Nilimkuta uani anasuka ukili wa mikeka, maana Temeke haina tope la bahari. Akanipa chai na mhogo. Tukazungumza habari za mjukuu wake, za bei ya sukari, za mguu wake uliovimba. Kila nilipofungua mdomo akaniongezea mhogo. Nilipoaga akaingia ndani akatoka na mzingo wa kamba.

"Hii nilibaki nayo. Mie hapa sina mbuzi wala kisima. Chukua."

Nikashindwa kuipokea. Akaniwekea mapajani.

"Mtoto anasoma?" akaniuliza.

"Anasoma."

"Anaelewa?"

"Wanasema ni wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ukili wake. "Basi hayakuoza yote," akasema.

Kumbe alijua kila kitu. Kunduchi na Temeke hakuna mto kati yake wa kuzuia maneno. Nilitoka pale nikatembea mpaka miguu ikakataa, na tangu hapo sijui kama nilisamehewa au nilihukumiwa. Kuna siku nafikiri hivi, kuna siku nafikiri vile. Siku nyingi nimechoka, sifikiri.

Kamba iliyofunga sanduku lako ndiyo hiyo. Ukifika usiikate. Fungua fundo, hata likikuchukua mchana mzima.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuna kifuu. Neno langu moja liliingia kwenye faili, faili likakaa kabatini miaka kumi na moja, hakuna aliyekuja kulinusa tangi. Halafu likatolewa likafutwa vumbi, likasomwa na watu wema wengine wanaotafuta namna ya kuwasaidia wanawake wa vijijini, nao wakaona: imefanikiwa. Wakaamua kujenga tangi jingine. Na wa kulisimamia wakakuchagua wewe, uliyesomeshwa na lile la kwanza.

Baada ya barua yako ile nilivaa kanga zangu za Idi nikasema nakwenda mjini ofisini nikaseme kweli. Nilifika Kinondoni. Nikakaa kando ya njia, nikawaza: wakiuliza mtoto wako alipataje shule, nitasema nini? Na kazi yako je? Nikanunua ndizi, nikarudi. Wewe ukaniuliza nilikuwa wapi, nikakuambia ndizi za Kinondoni ni nzuri. Hazikuwa nzuri.

Huko uendako utaitisha baraza, nao watasema ndiyo, tena kwa vigelegele. Usiiandike hiyo ndiyo. Ngoja uone makapu. Kila mahali watu wana kapu lao, sijui la huko likoje, huenda ni kiti wanachokupa au saa wanayofika. Utalijua tu kama hutakuwa na haraka ya kuwa mwenyekiti. Na atakuwepo Bi Mosi wao. Utamtambua kwa kuwa atauliza swali dogo na watu watacheka. Wewe usicheke. Nenda kwake kesho yake akiwa kazini, kaa chini, mpokee rungu, piga naye makumbi, umuulize tena lile swali. Mtu hasemi kweli akiwa amesimama mbele ya jumbe. Husema mikono yake ikiwa na shughuli.

Na kama huko nako wana mashahidi wa mashimo, au kitu kama hicho, kitu ambacho hakikuandikwa, basi usikiguse. Serikali ikikivunja haitajua kama imevunja, na ukikivunja wewe, hutaweza kukijenga kwa saruji.

Kuhusu mimi. Barua hii unaweza kuisoma ukaichoma. Unaweza pia kumpelekea mkubwa wako, ajue tangi la Kunduchi lilivyofanikiwa. Nimeazima wino makusudi, kwa kuwa kalamu ya risasi hufutika, na jina langu kamili liko chini. Huenda watakuuliza ulipataje shule. Waambie. Ulikuwa na miaka tisa, daftari halikuwa lako. Lakini uamuzi nakuachia, na najua kukuachia ni kukutwisha. Nimebeba miaka kumi na moja, bega limekufa ganzi. Nisamehe kwa mzigo huu, nao si mwepesi kama nilivyokuwa nikikuambia mizigo yote ni myepesi ikifungwa vizuri.

Nilitaka uende ukalizuie kabla halijajengwa. Ndiyo maana naandika leo, kabla hujarudi kutoka Boko, ili niiweke barua hii katikati ya kanga zako, uikute siku ya kwanza, uwe na nafasi ya kuuliza.

Sasa habari ya sanduku. Mwenye lori amelirudisha leo asubuhi. Amesema kesho utasafiri nalo wewe mwenyewe. Lori la Jumanne, lililotangulia kijijini kwako, halikuwa na nafasi. Lilijaa saruji.

Mama yako,
Mwanakombo binti Shomari